Picha ya Koplo Bukuru

Bukiriro, Ngara
9 Februari 2025

Kwako Babu Butoyi,

Najua barua huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nimemdanganya Bibi. Alinipa picha ya Babu Bukuru niipeleke Ngara mjini kwa fundi wa mawe ya makaburi. Nilirudi nikamwambia nimeipeleka. Sikuipeleka. Iko chini ya godoro langu, imefungwa kwenye kanga pamoja na fremu yake, na ninalala bila kujigeuza nisije nikavunja kioo.

Sasa salamu. Shikamoo Babu. Mfikishie Bibi Melania shikamoo yangu. Sisi hapa wazima. Bibi Domisiana goti linamsumbua anapopanda kutoka kisimani, lakini misa ya kwanza haikosi. Baba anapalilia kahawa. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, nimepata daraja la pili, nasubiri kupangiwa shule. Ningekupigia simu, ila wewe husikii vizuri na mimi nikishika simu sauti inakwisha. Tungeitana haloo mpaka salio liishe. Barua hii anakuletea Jovina, yule mama wa dagaa anayepita minada ya huko kwenu.

Nafikiri umeshasikia kwamba mwaka huu Baba anajengea kaburi la Babu Bukuru. Misa ya kulibariki ni tarehe 28 Juni, siku aliyofariki. Bibi anataka jiwe jeusi lenye picha yake. Picha tunayo moja tu, ile ya sebuleni, aliyopigwa na sare mwaka 1979 alipokuja likizo kutoka vitani. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maneno ya jiwe kwa sababu ya mwandiko wangu. Bibi aliniambia niandike: Koplo Bukuru, alibeba majeruhi katika Vita vya Kagera. Anasema alivaa kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na hakukivua hata wakati wa kula.

Siku ya safari nilikuwa nasubiri gari nikaitazama picha kwa makini. Kila siku naifuta vumbi, lakini sikuwahi kuitazama hivyo. Tepe zipo, mbili, ni koplo kweli. Kitambaa hakipo. Mkono wa kushoto unaonekana wote na hauna kitu. Nikaona na kofia. Nembo ya bereti imekaa katikati ya paji la uso na kitambaa cha bereti kimelala sawa pande zote mbili.

Kwa Mzee Modestus ni hapo hapo barabarani. Alikuwa sajenti na sasa anafundisha mgambo, kwa hiyo nilimwonyesha bila kumwambia ni nani, nikafunika uso kwa kidole. Alicheka. Akasema, "Huyu amevaa bereti kama anayesubiri kuwekewa chapati kichwani. Huyu si askari, mwanangu. Amevalishwa."

Nikarudi nyumbani.

Babu, wewe ni pacha wake. Niambie ukweli na nitaukubali. Je, Babu Bukuru alikuwa askari, au aliazima nguo za mtu ili apigwe picha? Kwenye daftari nikikosea nafuta. Kwenye jiwe siwezi. Na siwezi kumuuliza Bibi, ambaye kila jioni akifunga mlango anamwambia mtu wa kwenye picha ile "lala salama".

Mjukuu wako,
Ineza


Nyamigogo, Biharamulo
2 Machi 2025

Mjukuu wangu Ineza,

Marahaba. Bibi yako Melania naye anasema marahaba, na anakupongeza kwa daraja la pili. Anasema akili hiyo imetoka upande wangu. Mimi sijasema.

Barua yako imefika ikinuka dagaa hata paka akaisoma kabla yangu. Sisi ni wazima. Mahindi yamesimama vizuri ila ngedere wamehamia. Kijana wetu Elick ametengeneza sanamu la mtu na kulivalisha koti langu la zamani. Sasa ngedere wanalizoea, na mimi jirani ananisalimia nikiwa sipo.

Kuhusu jambo lako. Kaka yangu alikuwa askari. Alikwenda Novemba 1978, akarudi moja kwa moja mwaka 1980. Alikuwa koplo na alibeba majeruhi. Andika hivyo hivyo. Nalisema mara moja na sitalirudia.

Ila picha si lazima. Makaburi ya wazee wetu hayana picha na hakuna aliyepotea. Tena picha ikikaa juani inafifia. Jina na mwaka vinatosha. Mshauri Bibi yako hivyo, lakini usiseme nimesema mimi.

Huyo Modestus namfahamu. Alipokuwa mtoto alikuwa anamkimbia mbuzi wa mama yake.

Msalimie baba yako Frednand. Soma vitabu wakati unasubiri shule.

Ni mimi Babu yako,
Butoyi


Bukiriro, Ngara
16 Machi 2025

Kwako Babu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mahindi yamesimama. Hapa mvua zimeanza vizuri, maharage yametoa maua. Goti la Bibi limepata nafuu, sasa ni Baba anayelalamika kiuno. Irine, mtoto wa shangazi, amepata kipaimara, na sote tulikwenda Rulenge.

Nilimshauri Bibi kama ulivyosema, kwamba picha zinafifia juani. Akasema, "Bila uso ni jiwe la kuanikia dagaa." Akaendelea kupembua maharage. Jioni akaniuliza fundi amefikia wapi. Nikasema anaendelea. Huo sasa ni uongo wa pili.

Ukutani pamebaki alama ya mraba iliyo safi kuliko ukuta wote. Kila tukila naiona.

Babu, naamini neno lako. Lakini nilirudi kwa Mzee Modestus, safari hii bila picha, nikamwomba anifundishe namna bereti inavyovaliwa. Nilimwambia ni kwa ajili ya mchezo wa kuigiza parokiani. Hesabu huo kuwa wa tatu. Aliileta yake ya zamani akanivalisha. Nembo inakaa juu ya jicho la kushoto, na kitambaa kinavutwa kiangukie sikio la kulia. Alisema askari hujifunza hivyo wiki ya kwanza, akikosea anakimbizwa uwanja mzima, na baada ya hapo hawezi kukosea tena hata akiwa amelewa. Akasema pia vile vipande vya mabegani hufungwa vifungo. Kwenye picha yetu kimoja kimefunguka kimesimama kama sikio la mbuzi.

Mtu aliyekaa jeshini miezi saba hawezi kuvaa hivyo. Wewe unasema alikuwa askari, na wewe ulikuwapo. Picha inasema si askari, na picha nayo ilikuwapo.

Naomba unijibu mambo mawili tu. Nani alipiga picha ile? Na kitambaa chenye msalaba kilikuwa wapi siku hiyo, kama hakukivua hata wakati wa kula?

Fundi anaitwa Wiston. Anachora kwa mashine na kazi inachukua wiki mbili, kwa hiyo muda upo, lakini si mwingi.

Mjukuu wako,
Ineza


Nyamigogo, Biharamulo
23 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Salamu za Pasaka. Samahani kwa kuchelewa. Jovina alipita mara mbili na mara zote nilikuwa shambani.

Tulichinja mbuzi. Melania aliimba kwaya mpaka sauti ikakauka, siku mbili ananiita kwa kupiga sufuria, na kwa masikio yangu haya sufuria ndiyo nzuri. Muhogo umepata ugonjwa wa majani upande wa chini. Mahindi tunakaribia kuvuna. Ngedere wamekula mistari sita na nusu.

Uliuliza nani alipiga picha. Ni mpiga picha aliyekuwa anapita na baiskeli vijijini kutoka Rulenge. Jina nimelisahau. Alisimamisha shuka nyuma ya nyumba yetu.

Kitambaa alikivua. Kwa nini alikivua ni jambo lake.

Na usiifungue fremu hiyo, kioo ni cha zamani, utajikata.

Msalimie Bibi yako. Ameacha kunitumia salamu za kahawa, mwambie nimeona.

Babu Butoyi


Bukiriro, Ngara
4 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Wote wazima. Bibi anasema kahawa haijakaangwa, ikikaangwa utaletewa, na usiwe na haraka kama mtoto.

Nimeifungua fremu. Sikuwa nimefikiria kuifungua mpaka uliponiambia nisifungue, kwa hiyo naomba unisamehe nusu. Sikujikata. Nyuma kulikuwa na misumari midogo minne, nikaitoa kwa kisu cha jikoni wakati Bibi amekwenda Jumuiya.

Picha ni ndefu kuliko fremu. Sehemu ya chini ilikuwa imefunikwa na kadibodi. Sisi tumezoea kumwona mtu mpaka magotini. Chini ya kadibodi kuna miguu, na miguu haina buti. Iko peku kwenye nyasi. Nimeikuza kwenye simu ya Baba mpaka ikawa madoa, nikairudisha kidogo. Mguu wa kushoto hauna kidole gumba.

Babu, nilipokuwa mdogo ulikuja hapa kwenye komunyo ya kwanza ya dada Agness. Ulikaa barazani ukavua viatu, mimi nikakuletea maji ya kunawa miguu. Nilikuuliza kidole chako kiko wapi. Ukasema ulikisahau mnadani Kanazi na ukirudi kukitafuta utakuta kimeshanunuliwa. Tulicheka mpaka Bibi akatoka kuona kuna nini. Nilipokuwa naandika haya nikakumbuka kwamba ulikaa barazani siku nzima, na mvua ilipokuja ukahamia jikoni. Sebuleni hukuingia. Sikumbuki hata siku moja uliyokaa sebuleni kwetu.

Bibi aliwahi kunisimulia kuhusu mama yenu. Kwamba pacha walipewa sawa, kila kitu. Akimpa Bukuru yai, la Butoyi lilikuwa tayari linachemka. Mmoja akiugua, wote wawili walikunywa dawa. Alisema mama yenu hakuwa anatania, aliamini kabisa kwamba pacha akinyimwa alichopewa mwenzake atakwenda zake.

Kwa hiyo nauliza, na naogopa kuuliza. Babu Bukuru alipokuja na sare, mama yenu alitaka na wewe uivae? Mtu wa sebuleni ni wewe?

Kama ni wewe, basi kila tarehe 28 Juni tumewasha mshumaa chini ya uso wako na kukuombea kama marehemu. Na sasa uso wako unapelekwa kuwekwa juu ya kaburi, nawe uko Nyamigogo unavuna mahindi. Siwezi kuipeleka picha hiyo. Na nisipoipeleka lazima niseme kwa nini.

Niambie nifanye nini.

Ineza


Bukiriro, Ngara
25 Mei 2025

Kwako Babu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo.

Jovina anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaiweka mfukoni ukasema hakuna jibu leo. Sikulaumu.

Nimepangiwa shule, kidato cha tano, naondoka mwanzoni mwa Julai. Bibi amenishonea sare mwenyewe.

Saruji ya kaburi imeshamwagwa na imeachwa nafasi ya jiwe. Nilikwenda mwenyewe kwa fundi Wiston. Amesema mwisho wa kupokea picha ni tarehe 6 Juni, zaidi ya hapo jiwe halitawahi misa. Bibi aliniuliza tena jana. Sikuweza kusema anaendelea. Nilisema sijui. Akasema, "Haya."

Nikifika tarehe 5 sina jibu lako, nitamwambia Bibi yote niliyoyaona. Sitasema wewe ulisema nini, kwa sababu hukusema.

Ineza


Nyamigogo, Biharamulo
1 Juni 2025

Mjukuu wangu Ineza,

Natanguliza salamu kwako, kwa baba yako na kwa Bibi yako Domisiana. Hongera kwa shule. Sisi wazima. Mahindi yako ghalani.

Jovina nimemwambia asiiweke bahasha hii kwenye gunia, aiweke kifuani. Ndani yake kuna picha. Nimeifunga kwa nailoni mara mbili. Usiiloweshe. Sijawahi kuitoa nyumbani kwangu.

Ni mimi pale sebuleni. Ulivyofikiri ndivyo ilivyokuwa. Bukuru alikuja likizo mwezi wa sita 1979. Mama akamwita mpiga picha, na Bukuru alipokwisha kupigwa, Mama akasema sasa Butoyi. Bukuru akacheka, tukaingia nyuma ya shuka tukabadilishana. Alinipa shati, suruali, mkanda, kofia. Alitaka kuniwekea kofia vizuri nikamzuia. Nilitaka nembo ionekane yote. Buti sikuziweza, mguu usio na kidole unateleza ndani, na mpiga picha akasema fremu itaficha. Kwa hiyo Modestus kasema kweli, ingawa alimkimbia mbuzi.

Kitambaa cha msalaba alikivua mwenyewe akakiweka mfukoni mwa kaptura. Nikamwambia na hicho. Mama naye akasema na hicho, pacha hupewa sawa. Alikataa. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kumkatalia Mama mbele yangu. Aliniambia, "Hiki sikuazimi. Ukikivaa halafu mtu akaanguka mbele yako, utafanya nini?"

Nilimchukia siku ile nzima.

Mwaka 1981 aliumwa tumbo kwa ghafla. Gari hakuna. Tulitengeneza machela ya miti na blanketi, tukawa watu wanne. Wengine walipokezana. Mimi sikupokewa, nilishika mbele tangu nyumbani. Tulipokuwa tunashuka kwenda mtoni akaniambia nisikaze mikono, mbebaji akikaza mikono mgonjwa anaumia, nilegeze viwiko. Alikuwa ananifundisha. Tulipovuka mto alikuwa ameshakufa. Sikuwaambia wenzangu mpaka tulipofika juu, kwa sababu nilijua wakijua watamweka chini.

Kwenye msiba Mama alisema leta picha ya kaka yako iwekwe juu ya jeneza, kisha itundikwe. Picha zote mbili zilikuwa kwangu, mimi ndiye niliyezifuata Rulenge. Nilizitoa. Yake ina kile kitambaa. Sikuweza kuitoa mkononi, Ineza. Nikatoa yangu. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kuziba, na watu wanalia, nani atatazama kofia. Nikasema nitabadilisha kesho. Kesho yake ikatengenezewa fremu. Baadaye watu wakaanza kuisalia. Mwaka 1983 nilipata shamba huku nikahama, na wote walidhani nafuata ardhi.

Bibi yako Domisiana nilimnyang'anya uso wa mume wake miaka arobaini na minne. Naye hajui, anaisalimia. Ndiyo maana siwezi kukaa sebuleni.

Peleka hii kwa fundi. Mwambie Domisiana chochote unachoona kinafaa, hata ukisema mimi ni mwizi. Kama hataki nije kwenye misa nitaelewa. Nitasubiri neno.

Jiwe likikamilika naomba unirudishie picha. Kama haiwezekani, basi.

Babu yako,
Butoyi


Bukiriro, Ngara
22 Juni 2025

Kwako Babu Butoyi,

Shikamoo. Bibi Melania shikamoo. Sisi sote wazima, na nyumba imejaa. Shangazi wameanza kufika, na Baba ameazima viti vya parokia mapema kwa kuogopa wenye harusi.

Picha ilifika kavu. Jovina alinikabidhi tarehe 4 akasema ameibeba kama mtoto.

Kabla sijaenda popote nilipita kwa Mzee Modestus. Sikufunika uso safari hii. Hakucheka. Alivuta kiti. Alionyesha nembo juu ya jicho la kushoto, vifungo vya mabegani, tepe mbili, buti zilizofungwa kamba mpaka juu, halafu akaweka kidole kwenye kitambaa chenye msalaba. Aliniambia kwamba huko mbele wao wengine walikuwa na bunduki, na hawa walikuwa wanakwenda pale pale mikono ikiwa na machela tu. Akasimama. Sijui kama alijua anasimama. Akasema, "Huyu sasa ndiye."

Siku ile ile nilikwenda mjini. Fundi Wiston aliitazama akaniuliza kama ndiyo ile niliyotumwa kuileta tangu Februari. Nikauliza ameambiwa na nani. Akasema, "Na Bibi yako. Nilimpigia simu mwezi ule ule nikamwambia picha haijafika, akasema niache, itafika."

Babu, Bibi alijua tangu mwanzo kwamba sikuipeleka. Kila aliponiuliza fundi amefikia wapi, alijua.

Jiwe lililetwa juzi. Baba na wenzake walilishusha wakaliegemeza kwenye ukuta wa jikoni, wakaenda kunywa chai. Bibi alitoka na kanga yenye maji akaanza kulifuta vumbi. Alifuta maneno kwanza. Alipofika kwenye uso akafuta taratibu, akafuata kofia, akateremka mkono wa kushoto, akasimama kwenye msalaba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo tangu tarehe 4, nimeyaandika na kuyakariri kama shairi la mtihani. Niliyasahau yote.

Akasema bila kugeuka, "Mwenzake ametoa hatimaye."

Nilikaa chini. Nikamuuliza alijua tangu lini. Alisema tangu siku ya msiba, jeneza likiwa bado ndani. Alisema mke atamtambuaje mume kwa kofia, yeye alitazama midomo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo na kuisalimia kila jioni. Haya ndiyo aliyonijibu, nayaandika kama yalivyo: "Mimi nilibaki na mtoto wake mgongoni. Butoyi alibaki na nini? Mwache ashike picha. Na ile salamu ya jioni haikuwa ya marehemu. Aliye mbali naye huambiwa alale salama."

Halafu akasema alitaka jiwe lenye uso makusudi. Alijua utasikia, na alitaka kuona kama utakubali kulala kaburini ukiwa mzima. Alitumaini utakuja kumwambia mwenyewe. Aliponiona narudi na picha chini ya kanga, alisema, alijua kazi imeanza, akaniacha.

Ameagiza nakala ya picha ya Babu Bukuru mjini. Ile uliyoituma utarudishiwa wewe, nakala itatundikwa sebuleni. Kwenye ile fremu ya zamani amerudisha picha yako mwenyewe, na kadibodi ameikata ili miguu ionekane. Zitakaa mbili pale ukutani, ukubwa sawa. Anasema mama yenu angeuliza.

Njoo tarehe 27 mchana, usije asubuhi ya misa kama mgeni. Kiti chako ni cha sebuleni, chini ya picha. Bibi amekaanga kahawa.

Sasa lililobaki. Alipomaliza kufuta jiwe aliniambia nisikwambie kwamba alijua. Alisema mtu aliyebeba kitu miaka arobaini na minne, ukimwambia haukuwa mzigo unamwonea. Anataka uje umwambie kwa mdomo wako, naye akusamehe kama ndiyo kwanza anasikia. Ameshapanga hata pa kukaa wakati unamwambia.

Nilimwahidi, na sasa nimekwambia. Mwaka huu nimedanganya sana kwa mtu aliyeanza kwa kuogopa kuandika uongo kwenye jiwe, lakini nisingeweza kukuacha usafiri njia yote hiyo ukidhani unakwenda kuhukumiwa.

Kwa hiyo nakuomba, Babu. Barua hii ichome ukishaisoma, na Bibi Melania usimwambie. Ukifika umwambie Bibi Domisiana kama ulivyokuwa umekusudia kumwambia, polepole, mpaka mwisho. Akilia, na wewe lia. Akishangaa, mwache ashangae. Na mimi nikipita na birika la kahawa, usinitazame.

Mjukuu wako,
Ineza